Mjamzito Mwenye Wasiwasi na Ahadi za Tiba Mbadala: Jinsi ya Kulipima Dai Kabla ya Kunywa Dawa

Mjamzito anaposema kwamba hapati usingizi na moyo unamwenda mbio, hupewa dawa nyingi kabla hajapata mtu wa kumsikiliza. Shangazi humletea mizizi ya kuchemsha, jirani humpeleka kwa shehe akaandikiwe kombe, rafiki wa kanisani humpa chupa ya mafuta ya upako, na simu yake humwonyesha tangazo la unga wa majani unaosemekana kutuliza mishipa ya fahamu bila kemikali yoyote. Wote hao, ukimwondoa labda mwenye tangazo, wanamtakia heri, na ndiyo maana ni vigumu kuwakatalia.

Mwongozo huu haukusudii kumtenga mjamzito na watu wake, wala kuidharau tiba ya jadi, ambayo nchini Tanzania ina sheria yake na baraza lake tangu mwaka 2002. Unakusudia kumpa njia moja ya kupima kila anachoahidiwa. Kabla ya kuuliza kama tiba fulani inaponya, aulize kwanza ni kitu gani kitaingia mwilini mwake, kisha aulize ni kitu gani anatakiwa kukiacha. Swali la kuponya ni gumu, na hata watafiti hulibishania kwa miaka. Haya mawili hujibika siku hiyo hiyo, na madhara makubwa kwa mjamzito karibu yote hupitia katika mojawapo.

Hatua ya kwanza: jua unachotaka kukitibu

Wasiwasi wenyewe si ugonjwa. Mwanamke aliyewahi kupoteza mimba, ambaye mumewe yuko mbali au hana kipato cha kutegemewa, ana sababu za kweli za kukosa utulivu, na asiye na sababu hata moja anaweza pia kuupata. Kinachotofautisha wasiwasi wa kawaida na ule unaohitaji tiba ni muda wake na jinsi unavyomzuia mtu kula, kulala, kufanya kazi na kukaa na wenzake. Yapo maswali mawili mafupi ambayo wahudumu wa afya huyatumia katika nchi nyingi, na unaweza kujiuliza mwenyewe nyumbani: katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi umejisikia mwenye hofu au kukosa utulivu, na ni mara ngapi umeshindwa kuuzuia wasiwasi wako? Kila swali lina alama 0 ikiwa haikutokea kabisa, 1 ikiwa ni siku chache, 2 ikiwa ni zaidi ya nusu ya siku hizo, na 3 ikiwa ni karibu kila siku. Jumla ikifika 3 au zaidi, haimaanishi kwamba una ugonjwa wa wasiwasi, bali inamaanisha kwamba jambo hili linastahili kuzungumzwa na mhudumu wa afya badala ya kuachiwa uvumi wa mtaani.

Sambamba na hilo, mwili uchunguzwe, kwa sababu kuna magonjwa yanayojivika sura ya wasiwasi. Upungufu wa damu ndio unaoongoza: mjamzito ambaye wingi wa damu yake uko chini ya gramu 11 kwa desilita huweza kuhema, kuchoka, kuhisi kizunguzungu na kusikia moyo ukidunda, naye akaambiwa ana mawazo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mtetemeko, jasho na mapigo ya haraka. Malaria huleta fadhaa na usingizi wa mang'amung'amu. Vilevile kahawa, chai ya rangi iliyokolea, vinywaji vya kuongeza nguvu na miraa huamsha moyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito anayetumia zaidi ya miligramu 300 za kafeini kwa siku apunguze. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwanamke anaweza kuuza kuku wake wawili ili alipie tiba ya majini ilhali alichohitaji ni kipimo cha damu na vidonge vya madini ya chuma ambavyo kliniki inavyo.

Hatari kubwa kuliko zote katika hatua hii ni kifafa cha mimba. Baada ya wiki ya 20, mjamzito mwenye presha ya 140 kwa 90 au zaidi, anayeumwa kichwa sana, anayeona maluweluwe au aliyevimba uso na mikono, anaweza kufikia kuanguka degedege. Katika jamii zetu degedege ya namna hiyo imeitwa pepo kwa vizazi vingi, na saa zinazopotea katika kumpunga ndizo saa ambazo magnesiamu salfeti, dawa ya hospitali ya kuzuia degedege hiyo, ingemwokoa. Mjamzito aliyeanguka degedege apelekwe hospitali kwanza. Anayetaka kumsomea dua na asome njiani.

Hatua ya pili: liweke dai katika sentensi moja

Dai la tiba hupata nguvu linapokuwa halina umbo. Ukiambiwa kwamba dawa fulani "inasaidia sana wajawazito", mwombe anayesema akueleze ni mmea gani au kitu gani, sehemu ipi ya mmea huo, kipimo chake ni kiasi gani, ni kwa mimba ya mwezi wa ngapi, na inatibu nini hasa. Mtu anayeijua dawa yake hujibu bila kukasirika, na waganga wa jadi wenye heshima zao wapo wanaosema waziwazi kwamba dawa hii hawampi mwenye mimba. Anayejibu kwa kusema kwamba hiyo ni siri ya ukoo, au kwamba dawa hiyo hiyo inatibu wasiwasi, kisukari, uvimbe na mikosi, amekwisha kukupa jibu lako.

Kuna hoja tatu ambazo utazisikia kila mara, na ni vema uwe umezifikiria mapema. Ya kwanza ni kwamba dawa ni ya asili, kwa hiyo haina madhara. Muhogo mchungu nao ni wa asili, na kila mama wa pwani au wa kanda ya ziwa anajua kwamba usipouloweka na kuuanika vizuri, sumu yake inaua. Ya pili ni kwamba bibi zetu walitumia na wakazaa salama. Walioeleza hivyo ni mabibi waliobaki hai. Waliofia uzazini hawakubaki kusimulia, na enzi zao vifo vya uzazi vilikuwa vingi.

Hoja ya tatu, kwamba fulani alitumia na akapona, ndiyo yenye kushawishi zaidi na inataka utulivu kuichambua. Wasiwasi hupanda na kushuka wenyewe. Kichefuchefu cha miezi ya kwanza kwa wengi huanza kupungua kati ya wiki ya 16 na ya 20, na karibu na wakati huo mama huanza kumsikia mtoto akicheza, jambo linalotuliza moyo kuliko majani yoyote. Dawa iliyoanza kunywewa mwezi wa tatu itasifiwa mwezi wa tano hata kama ilikuwa maji ya mchele.

Asidhani mtu kwamba tahadhari hii inawahusu waganga wa jadi peke yao. Dawa ya thalidomaidi ilitoka katika kiwanda cha kisasa, ikaanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 kama dawa ya usingizi na ya kutuliza, ikasifiwa kuwa haina madhara, na wajawazito wakaitumia kwa wasiwasi na kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961, na inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 10,000 duniani walizaliwa na kasoro kwa sababu yake, wengi wao wakiwa na mikono na miguu isiyokamilika. Nchini Marekani iliwafikia wachache kwa sababu Frances Kelsey, mkaguzi wa mamlaka ya dawa, alikataa kuiidhinisha kwa kuwa hakuridhishwa na ushahidi wa usalama wake. Swali alilolishikilia yeye ndilo unalopaswa kulishikilia mbele ya chupa yoyote, iwe ya mganga au ya duka la dawa: ushahidi kwamba ni salama uko wapi? Kutosikia habari za madhara si ushahidi.

Hatua ya tatu: chunguza kinachoingia mwilini

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Viungo vya mtoto huumbika zaidi katika wiki 12 za mwanzo, na ni katika kipindi hicho hicho ambapo mama huchafukwa na kuhangaika, akawa tayari kujaribu lolote. Kanuni rahisi ni kutofautisha kiasi cha chakula na kiasi cha dawa. Tangawizi katika chai, mdalasini katika pilau, mchaichai unaotia harufu kikombe kimoja, hivyo ni vyakula. Majani hayo hayo yakichemshwa kwa saa nzima hadi maji yawe meusi, au yakisagwa na kutiwa katika vidonge, yamekuwa dawa na yanapaswa kuulizwa kama dawa. Tangawizi yenyewe imechunguzwa, na kiasi cha gramu 1 hivi ya unga wake kwa siku, ikigawanywa, huwapunguzia wengi kichefuchefu. Anayedai kwamba inatibu wasiwasi amevuka mpaka wa kinachojulikana.

Mwarobaini kwa kunywa, utomvu wa shubiri, na mizizi au magome ya mlonge ni vitu vya kuepukwa kabisa wakati wa ujauzito, kwa kuwa vinaweza kusumbua mji wa mimba au kuharisha kwa nguvu. Majani ya mlonge yanayopikwa kama mboga ni jambo jingine. Dawa za kuongeza uchungu, ambazo wengine huanza kuzinywa majuma kadhaa kabla ya kujifungua ili kuondoa hofu ya uchungu mrefu, ni hatari zaidi ya zote nilizotaja: hukaza mji wa mimba kwa nguvu isiyopimika, mtoto akakosa hewa, na mji wa mimba wenyewe unaweza kupasuka. Hofu ya kuzaa ni ya kweli na inastahili kutulizwa, lakini si kwa kikombe hicho.

Udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni hausemwi kuwa dawa, ila wengi huutafuna kwa sababu unawatuliza. Huzuia mwili kunyonya madini ya chuma, unaweza kubeba mayai ya minyoo, na baadhi yake umepimwa ukakutwa na risasi. Ukumbuke yaliyosemwa juu ya upungufu wa damu na mapigo ya moyo: anayetafuna udongo ili atulie anaweza kuwa anakichochea kile kile kinachomhangaisha.

Kisha kuna vidonge na unga vinavyoletwa na ndugu walioko Ulaya, Marekani au Ghuba. Mmea unaoitwa St John's wort huuzwa huko bila cheti cha daktari kwa ajili ya huzuni na wasiwasi, nao huliamsha ini likaziyeyusha dawa nyingine haraka. Mwanamke anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, ikiwemo dolutegravir, anaweza kujikuta kinga aliyoijenga inabomoka na mtoto wake yuko hatarini. Kava, mmea mwingine unaouzwa kwa ajili ya utulivu, imehusishwa na kuharibika kwa ini. Ashwagandha, ambayo sasa inatangazwa sana mitandaoni kwa jina la dawa ya utulivu, ilipigwa marufuku Denmark mwaka 2023, na wajawazito wanashauriwa wasiitumie. Mafuta ya bangi yasiyolewesha nayo mamlaka ya dawa ya Marekani inawashauri wajawazito wayaache.

Kombe lahitaji neno lake. Aya zikiandikwa kwa zafarani na marashi katika sahani safi, zikaoshwa kwa maji yaliyochemshwa, mwenye imani atakunywa na kutulia, na sioni sababu ya kumkataza. Lakini pasipokuwa na zafarani, wapo wanaotumia wino au rangi ambayo haikutengenezwa kuliwa, na wapo wanaochanganya na dawa za mitishamba. Ni halali kabisa kumuuliza shehe kwa adabu ameandikia nini, na shehe mwema hataona vibaya.

Hatua ya nne: yasiyoingia mwilini nayo yana mipaka yake

Maombi, dua, kuimba, kutembea jioni na kukandwa mabega ni mambo ambayo mjamzito anaweza kuyafanya bila kuomba ruhusa ya mtu. Kusingwa kwa mikono laini hutuliza, mradi alalie ubavu na asilale chali kwa muda mrefu baada ya nusu ya mimba, na tumbo lisikandwe. Kumgeuza mtoto kwa kukanda tumbo nyumbani kunaweza kulibandua kondo. Mguu mmoja uliovimba na kuuma kuliko mwenzake nao usikandwe, kwani huenda damu imeganda humo, upelekwe hospitali.

Hijama humtoa damu mtu ambaye pengine hana ya kutosha, na kwa hiyo ningeshauri ingoje hadi baada ya uzazi. Kujifukiza kwa nyungu chini ya blanketi huongeza joto la mwili, jambo lisilofaa hasa miezi ya mwanzo, na kunaweza kumwangusha mtu katika maji ya moto. Kufunga kula kwa siku kadhaa kwa agizo la mwombaji kusifanyike. Dini zetu kubwa zina nafasi ya kumsamehe mjamzito, na kiongozi anayeikana nafasi hiyo aulizwe na mwenzake aliyesoma zaidi.

Hatua ya tano: uliza unaambiwa uache nini

Mwaka 2011 maelfu ya watu walifunga safari hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba ya Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Kikombe chenyewe kilikuwa kidogo. Kilichowaumiza baadhi ya waliokinywa ni kwamba waliporudi nyumbani waliziacha dawa zao, wakiamini wamekwisha kupona. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa kila tiba mpya inapokuja na sharti la kuacha ya zamani.

Mjamzito asikubali kuacha vidonge vya kuongeza damu, dawa za kuzuia malaria anazopewa kliniki, dawa za presha, za kifafa, za kisukari au za virusi vya UKIMWI kwa sababu ya masharti ya tiba ya wasiwasi. Anayetumia dawa za sonona au za wasiwasi alizoandikiwa hospitalini asizikatishe ghafla hata akiogopa kwamba zitamdhuru mtoto. Arudi kwa daktari haraka, kwa kuwa baadhi huendelezwa, baadhi hubadilishwa, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu. Wakati huo huo asijinunulie dukani dawa za usingizi kama dayazepamu: zikitumiwa karibu na kujifungua, mtoto anaweza kuzaliwa amelegea na kupumua kwa shida.

Hatua ya sita: mwambie mkunga bila kuficha

Wanawake wengi huficha dawa za kienyeji kliniki kwa sababu wanaogopa kufokewa, na hofu hiyo si ya kubuni. Hata hivyo, mkunga asiyejua ulichokunywa atakutibu akiwa gizani. Anza wewe, kwa sauti ya kawaida: "Dada, nyumbani nimepewa dawa hii ya kutuliza mawazo, nimeileta uione, nataka kujua kama nitaendelea nayo." Mtu aliyeulizwa ushauri hufoka mara chache kuliko mtu aliyegundua kilichofichwa. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, kwa hiyo asiyekusikiliza leo si mlango wa mwisho. Omba kuonana na mwingine. Ukiambiwa kwamba mganga amesajiliwa na baraza, furahi, lakini ujue kwamba usajili wake unampa ruhusa ya kufanya kazi, wala hauthibitishi kwamba dawa hiyo inamfaa mwenye mimba.

Hatua ya saba: dai tiba ambayo imethibitishwa

Ni rahisi kumkataza mtu kikombe; ni vigumu kumpa kitu badala yake. Bahati njema kipo, na hakihitaji mashine. Huko Rawalpindi, Pakistani, wajawazito 1,200 wenye wasiwasi walishiriki katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ambapo baadhi yao walipewa vikao 6 vya mazungumzo na wasaidizi waliokuwa na shahada ya kwanza ya saikolojia bila uzoefu wa kutibu. Wiki 6 baada ya kujifungua, wasiwasi mkubwa au wa kadiri ulikuwa umewapata asilimia 9 ya waliopata vikao, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao waliopata huduma ya kawaida. Nchini Zimbabwe, mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006 umewafunza mabibi wa mitaani kukaa na mtu kwenye benchi, kumsikiliza, na kumsaidia kulichagua tatizo moja na kutafuta hatua moja ya kulitatua.

Namna hiyo ya mazungumzo unaweza kuianza nyumbani wakati unaitafuta huduma yenyewe katika hospitali ya wilaya au ya rufaa. Chagua mtu mmoja asiye mwepesi wa kutoa mawaidha. Mtajie hofu yako kwa jina lake, kwa mfano kwamba unaogopa kufa uzazini kama dada yako, badala ya kusema tu kwamba una mawazo. Kisha muulizane ni sehemu gani ya hofu hiyo ina jambo la kufanyika juma hili: kuuliza historia ya dada yako ilikuwaje, kupanga usafiri wa usiku, kuweka akiba ya nauli, kujua nani atachangia damu. Usiku moyo ukianza kwenda mbio, kaa wima, vuta pumzi kwa pua kwa hesabu ya 4, itoe polepole kwa hesabu ya 6, ukaendelea hivyo kwa dakika 5. Wasiwasi usipopungua kwa hayo, zipo dawa za hospitali zinazoweza kutumika katika ujauzito chini ya uangalizi, na kuzihitaji si udhaifu wa imani.

Kama umekwisha kunywa

Huenda unasoma haya kikombe kikiwa kimekwisha kunywewa. Acha kuendelea, andika jina la dawa, kiasi na tarehe, na ulieleze jambo hilo kliniki hata ukijisikia salama. Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana, ukitokwa na damu, tumbo likikaza bila kuachia, maji yakipasuka, mtoto akipunguza kucheza, ukitapika bila kukoma, macho yakiwa ya njano, au yakikujia mawazo ya kutaka kujidhuru au kumdhuru mtoto. Katika hali hiyo ya mwisho usiachwe peke yako hata kidogo, na anayekusindikiza aeleze kwa niaba yako usipoweza kusema. Beba kadi ya kliniki, na ubebe pia dawa yenyewe, hata kama yamebaki mashapo tu chini ya chupa.